Fundo la Siku ya Kupatwa

Mkwe wangu Angoori alikuwa amefungua kila fundo lililokuwamo katika nyumba yake. Mapazia ya sebuleni yaliachwa yakining'inia, gunia la vitunguu lilikaa mdomo wazi, na kamba ya kuanikia nguo ilishushwa ikalala sakafuni. Alifanya kazi hiyo jioni ya kuamkia siku ya kupatwa kwa jua, kwa mikono yake mwenyewe na magoti yake yale mabovu, kwa sababu binti yangu Rachna alikuwa na mimba ya miezi minane katika nyumba ile. Mjamzito hakai karibu na fundo wakati Rahu, yule pepo wa kupatwa, anameza jua. Wala kisu, wala mkasi, wala sindano.

Nalisema hili kwanza ili ieleweke kwamba Angoori hakuwa mama mkwe wa kutesa mtu. Ni mama yake Naveen, mume wa Rachna, na alimpenda binti yangu. Siku ya kupatwa alifunga hata maji, na ana kisukari.

Mimi nina duka la dawa karibu na stendi ya mabasi hapa Thanesar, kaskazini mwa India. Nina diploma ya ufamasia, na marehemu mume wangu alikuwa akisema diploma ile ilinipa ulimi wa pili, kana kwamba wa kwanza haukumtosha. Mtu akija kutaka dawa ya kikohozi huku ameshika sigara, namwambia azime sigara kwanza, akiendelea kukohoa arudi. Ndivyo nilivyomlea Rachna pia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na mimi sikuchelea.

Hii haikuwa mimba yake ya kwanza. Ile ya kwanza iliingia mwezi wa tatu, mwezi ukapatwa usiku mmoja, na Rachna aliyekuwa na njaa akaingia jikoni akakata bamia. Wiki iliyofuata mimba ikatoka. Nilimwambia kwamba mimba nyingi hutoka mwezi wa tatu, na bamia hazikuwa na kosa. Alinitazama kama niliyemsomea bei ya vitunguu. Mtu aliyefiwa hataki kusikia "nyingi". Anataka sababu, na nyumba ile ilikuwa nayo sababu, yenye mpini na makali. Kile kisu hawakukitumia tena. Kilitupwa bwawani.

Basi mimba ya pili ilipofika mwezi wa nane na magazeti yakatangaza kwamba jua litapatwa, Angoori alimwita Pandit Vishnudatt, mnajimu wa familia yao, aje aisome ramani ya nyota za Rachna. Nami niliitwa. Nilisimama karibu na mlango. Kwetu mama hanywi hata maji katika nyumba alikomwoza binti yake, kwa hiyo huwa sikai sana.

"Kaa basi, mkwe," Angoori aliniambia. "Kiti si maji."

"Nikikaa utaleta chai."

"Nitaleta chai nikunywee mbele ya macho yako. Kaa."

Nilikaa. Pandit alikuwa mzee mpole, mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi. Alikunjua karatasi yake, akaweka kidole, akavuta pumzi.

"Jua litapatwa ndani ya nyota aliyozaliwa nayo," alisema. "Na Rahu atakuwa amekaa kwenye nyumba ya watoto katika ramani hii. Simtishi mtu. Nasema kilichoandikwa."

Rachna alikuwa amejifunika mtandio mpaka kwenye nyusi. "Nifanye nini, Pandit?"

Akamwambia. Asile wala asinywe tangu jua litakapoguswa mpaka litakapoachiliwa. Asitoke nje, mwanga ule usimguse. Asikate, asishone, asifunge kitu. Apakwe udongo mwekundu tumboni, alale amenyooka, mikono ubavuni, na nazi iwe kando yake. Kama kuna kitu kitachukuliwa, nazi ichukuliwe badala yake.

"Rahu ni kichwa kisicho na kiwiliwili," aliendelea. "Miungu walimkata shingo alipoiba kinywaji cha uzima. Ndiyo maana jua akilimeza halikai. Linatokea shingoni."

"Na mtoto akimezwa?" Rachna aliuliza. "Atatokea wapi?"

Pandit alivua miwani, akaipangusa. Nadhani hakuwahi kuulizwa hivyo. "Wewe lala utulie, mwanangu," alisema hatimaye. "Ukitulia wewe, naye atatulia. Kilichotulia Rahu hakioni."

"Huyu mjukuu wangu hatulii hata kwa amri ya polisi," nilisema. "Juzi alimpiga mama yake teke sahani ikadondoka."

Tukacheka wote, Pandit naye. Rachna alicheka akiwa ameshika tumbo. Ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka pamoja katika nyumba ile.

*

Siku yenyewe sikufungua duka. Hakuna anayenunua dawa wakati jua limeshikwa, maana hakuna anayemeza kitu. Nilikaa barazani na redio. Mji ulikuwa umefurika. Jua linapopatwa, watu huja huku kwetu Kurukshetra kutoka kila pembe kuoga kwenye Bwawa la Brahma, na tangu usiku walikuwa wakipita mbele ya nyumba yangu, bibi kwa mjukuu, na mabegi vichwani. Naveen naye alikuwa amekwenda bwawani tangu alfajiri. Aliapa kukaa ndani ya maji mpaka jua liachiliwe, kwa ajili ya mtoto.

Mwanga ulianza kubadilika. Haukuwa giza la wingu. Ulikuwa mwanga mwembamba wa rangi ya shaba, kama unaopita kwenye chupa ya dawa. Chini ya mwarobaini wangu, kila tone la jua lililopenya majani lilikuwa limegeuka mwezi mchanga, mamia ya miezi michanga imetapakaa ardhini. Kunguru walinyamaza. Mbwa wa jirani aliingia chini ya gari akabaki huko.

Hapo simu ikalia. Alikuwa Rachna, ananong'ona.

"Mama, usimwambie mama mkwe nimeshika simu. Nina neno zuri."

"Sema."

"Ametulia, Mama. Tangu redio waseme jua limeguswa, ametulia kabisa. Kamsikia Pandit kunishinda mimi."

Nilizima redio. "Ametulia vipi?"

"Ametulia tu. Mimi nimelala nimenyooka, naye amenyooka. Hata hajageuka. Wewe ulisema hatulii kwa amri ya polisi. Ona sasa!" Alikuwa na furaha. Ile sauti ninayo mpaka leo.

"Rachna. Mara ya mwisho alicheza lini?"

"Jana alicheza. Usiku kidogo, lakini kwa uvivu. Asubuhi nilipooga kama alijisogeza. Mama, nitaweka simu, anakuja."

Akakata.

Mimi si daktari. Lakini kila mjamzito anayekuja dukani kwangu kuchukua vidonge vya kuongeza damu namwambia neno moja: mtoto akipunguza kucheza, usingoje kesho. Nimelisema mara nyingi hata wauza mboga wa pale nje wanaliigiza. Nikachukua mtandio na mwavuli, nikatoka nikiwa nimevaa ndala.

Watu wote walikuwa wanakwenda bwawani, na mimi nilikuwa nakwenda upande wa pili. Kikongwe mmoja alinishika mkono. "Mama, bwawa liko huku!" Nikamwambia najua liko wapi, nimezaliwa hapa. "Basi unakwenda wapi na dhambi zako?" akasema, na wenzake wakacheka. Niliinamisha mwavuli nikapita.

*

Angoori alikuwa amekaa kizingitini, midomo imepauka, shanga za maombi mkononi. Aliponiona alisimama kwa kushika fremu ya mlango.

"Mkwe! Nje saa hizi? Umerukwa na akili? Mwanga huo unauleta ndani kwa miguu!"

"Nitaiacha miguu hapa ukitaka. Nipishe nimwone."

"Amelala vizuri. Kila kitu kimekwenda vizuri. Jua liko karibu kuachiliwa, subiri hapo barazani kidogo tu."

"Mtoto hachezi, Angoori."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. Anadhani mtoto anatii."

Nilimwona akilielewa neno lile. Lilipita usoni mwake, akalisukuma nje. "Mtoto akilala ni vizuri," alisema. "Pandit alisema atalala." Lakini hakunizuia tena.

Chumba kilikuwa na mablanketi madirishani. Taa ya samli ilikuwa ikiwaka kwenye kona. Rachna alilala katikati ya kitanda cha kamba, nywele zimefunguliwa zimeenea juu ya mto, mikono ubavuni, na tumbo lake jekundu kwa udongo. Nazi ilikuwa kando yake imefunikwa kitambaa, kama mtoto wa mtu mwingine. Kamba ya suruali yake pana ilikuwa imefunguliwa, ncha zake zimening'inia.

"Mama!" Aliogopa, kisha akatabasamu. "Umekuja kumwona alivyo na adabu?"

Nilipiga magoti nikaweka viganja tumboni. Udongo ulikuwa umekauka ukipasuka. Nilibonyeza upande mmoja, nikabonyeza upande wa pili, mahali alipozoea kurusha teke. Nilimtikisa, kama anavyotikiswa mtu aliyepitiwa na usingizi siku ya mtihani. Tumbo lilirudi mahali pake tu, kama unga ulioumuka.

"Kunywa maji ya sukari," nilimwambia. "Wakati mwingine sukari huwaamsha."

"Siwezi kunywa. Jua bado halijaachiliwa."

"Rachna, inuka. Tunakwenda hospitali."

"Siwezi kutoka."

"Inuka."

"Mama, tafadhali." Hakuinua hata kichwa. Alikuwa akiongea na dari, mwili umenyooka kama alivyoamriwa. "Mara ya kwanza nilikata bamia. Nilikuwa na njaa tu, nikakata bamia. Safari hii sijafanya kosa hata moja. Hata pini ya nywele sikuvaa. Imebaki kidogo tu. Usiniharibie."

Angoori alikuwa amesimama mlangoni. "Mwache amalizie, mkwe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Kidogo tu. Jua likitoka nitambeba mgongoni mimi mwenyewe."

Mimi nasema kitu kilivyo. Sijui njia nyingine. "Mtoto hajatulia," nilisema. "Mtoto hachezi. Ni vitu viwili. Unavijua ni vitu viwili, Rachna, nimekufundisha."

Kisha mkono wake mmoja ukaondoka ubavuni, mahali ulipokaa tangu asubuhi, ukapanda tumboni, ukabonyeza. Ukabonyeza tena. Uso wake nilikuwa naujua tangu alipozaliwa. Kilichotokea hapo sikuwa nimekiona.

Akainuka.

Suruali ikateleza. Haikuwa na kitu cha kuishika. Nikazishika zile ncha mbili za kamba nikazifunga.

"Fundo!" Angoori alipiga kelele. "Mkwe, fundo! Jua bado—"

Nilifunga la pili juu ya la kwanza, likaze, maana alikuwa na safari. Nikamfunika Rachna blanketi kichwani, nikafungua mwavuli, tukatoka.

Nje jua lilikuwa mundu. Rachna alitembea akiinamia miguu yake, mikono yote miwili chini ya tumbo, na nilisikia anahesabu kitu kwa midomo, labda majina ya miungu. Kwenye kona palikuwa na bajaji moja, ndimu na pilipili za kuzuia husuda zimening'inia mbele, dereva amejifunika gazeti usoni.

"Hospitali," nilisema.

"Mama, jua limeshikwa."

"Jua limeshikwa, wewe hujashikwa. Washa."

Alifunua gazeti aniporomoshee tusi, akamwona Rachna. Aliwasha. Njia nzima ilikuwa imejaa watu waliotoka kuoga au wanaokwenda kuoga, na dereva yule alipiga honi mpaka ikakwama, ikawa inalia yenyewe. Watu walitupisha huku wakigeuza nyuso. Hakuna aliyetaka kumwona mjamzito nje saa ile.

Tulipofika getini pa hospitali, kengele za mahekalu zilianza kulia mji mzima. Jua lilikuwa limeachiliwa.

*

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Harpreet Gill. Alipaka mafuta baridi juu ya ule udongo mwekundu, akapitisha mashine. Alipitisha muda mrefu. Alimgeuza Rachna ubavu, akapitisha tena. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa miguu, na niliweza kuona kioo. Nilikuwa nimeona picha za namna hiyo maishani mwangu, na katikati ya kila moja palikuwa na kitu kidogo kinachopepesa. Nilikitafuta.

Daktari akaweka kile kifaa chini. Akamshika Rachna mkono, akamwambia kama inavyopaswa kusemwa, kwa maneno machache, bila kuzunguka. Nilimheshimu kwa hilo. Rachna hakulia. Alisema, "Lakini alikuwa ametulia tu."

Alimzaa kesho yake asubuhi. Alikuwa mvulana, nywele nyingi, amekamilika kila kidole. Nilimwosha mimi. Angoori alileta kitambaa alichokuwa amekitunza tangu Naveen alipozaliwa, na tukamfunga ndani yake, wanawake wawili tusiotazamana.

Baadaye daktari alituita koridoni. Alituita wote wawili, mimi na Angoori.

"Kulikuwa na fundo," alisema. "Kwenye kamba ya kitovu. Fundo la kweli kabisa, kama la kamba ya kiatu. Mkitaka nitawaonyesha."

Nilimwona Angoori akishika ukuta. "Fundo," alisema. Kisha akanitazama, na alichokitazama hakikuwa uso wangu. Kilikuwa mikono yangu.

Daktari hakuelewa, lakini mimi nilielewa, nikauliza haraka. "Lilijifunga lini, daktari?"

"Aa, zamani. Haya hujifunga mtoto akiwa mdogo, ana nafasi ya kuzunguka. Amejipenyeza kwenye kitanzi mwezi wa tatu au wa nne hivi. Likakaa legevu miezi yote. Halafu juzi juzi likakazwa. Hakuna aliyefanya kosa."

"Lilikazwa ghafla?" niliuliza.

Alisita. Macho yake yalikwenda mlangoni mwa chumba cha Rachna, yakarudi. "Mara nyingi polepole. Mtoto hupunguza kucheza kwanza. Anasema alipungua tangu usiku?"

"Tangu usiku."

"Mngekuja usiku ule, au hata asubuhi mapema..." Alifungua mikono. "Siwezi kuapa. Pengine tungempata. Pengine."

Angoori alisikia kila neno. Alikuwa karibu nami kiasi cha kusikia anavyopumua.

"Utamwambia?" nilimuuliza daktari.

"Akiniuliza nitamwambia. Ana haki."

"Hatakuuliza wewe," nilisema. "Ataniuliza mimi."

*

Aliniuliza jioni ile. Naveen alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, vidole bado vimekunjamana kwa maji ya bwawani, au ndivyo nilivyoviona. Angoori alikuwa dirishani na ile nazi. Alikuwa ameileta kutoka nyumbani, kwa sababu desturi inataka itupwe majini jua likishaachiliwa, na katika vurugu zile hakuna aliyeitupa. Muuguzi mmoja alikuwa amepita akasema habari za fundo bila kujua, kama wanavyosema watu wenye huruma na kazi nyingi.

"Mama," Rachna aliita. Alikuwa amegeukia ukuta. "Ulifunga fundo."

Angoori aliihamishia nazi mkono wa pili.

"Kila fundo mama mkwe alilifungua. Mpaka gunia la vitunguu. Wewe ukaja ukafunga. Ukafunga mara mbili, nilisikia kamba inavyokazwa tumboni." Alizungumza polepole bila kupandisha sauti. "Alikuwa ametulia vizuri, Mama. Jua lilikuwa karibu kuachiliwa. Na wao wamemkuta na fundo."

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa mdomoni, tayari, lenye mantiki na ushahidi wa daktari. Mwezi wa tatu au wa nne. Kamba ya suruali haifungi kitovu. Ningelisema kwa sentensi moja, na Rachna hakuzaliwa mjinga. Angelielewa. Halafu angeuliza swali linalofuata, maana mimi ndiye niliyemfundisha kuuliza swali linalofuata: kama halikukazwa na mama, lilikazwa lini? Na jibu la hilo ni kwamba lilikuwa linakazwa usiku, alipokuwa akicheza kwa uvivu. Lilikuwa linakazwa asubuhi, mama yake amelala amenyooka, mikono ubavuni, akimsifu kwa utii.

Bamia alizibeba miaka miwili. Hili asingeliweka chini kamwe.

Nilimtazama Angoori. Alikuwa ameinamisha kichwa juu ya nazi, akiikuna nyuzi zake kwa ukucha, moja baada ya moja. Neno moja lake lingetosha. Lakini lingembidi aseme pia ni nani aliyekaa kizingitini. Hakulisema. Wala sikumtaka aliseme.

"Ndiyo," nilisema. "Nilifunga."

Naveen aliinua uso. Alikuwa kijana mwenye heshima, hajawahi kunijibu vibaya. "Kwa nini, Mama?" alisema. "Tulikuwa tumefuata kila kitu."

"Sikufikiri."

Watu wanaonijua wangecheka kusikia hilo kutoka kinywani mwangu.

Rachna hakugeuka. "Nenda nyumbani, Mama," alisema. Nikachukua mwavuli.

Koridoni Angoori alinifuata. Magoti yalimsumbua, nikamsubiri. Alinipa nazi.

"Nitupie wewe," alisema. "Mimi siwezi kufika mpaka kule."

"Haya."

Alisimama, mdomo unacheza. Nilidhani atalia, au ataniambia asante, na sikujua lipi lingekuwa baya zaidi. "Maji hujanywa tangu jana," alisema mwishowe.

"Nitakunywa nyumbani kwangu."

Bwawa lilikuwa tupu siku hiyo. Wageni walikuwa wameondoka, wameacha ndala moja moja na maua yaliyooza ngazini. Niliirusha nazi. Ilizama, ikaibuka, ikabaki inaelea karibu na ngazi, na kila upepo ulipovuma ilirudi kwangu. Niliisukuma kwa mwavuli mpaka ikaenda.

*

Mwaka umepita na miezi kadhaa. Rachna hajaja nyumbani kwangu. Sikukuu nikituma vitu, vinapokewa. Nikipiga simu, anapokea Naveen, anasema amelala.

Nimebaki kuwa nilivyo. Wanawake wakija dukani nawaambia mtoto akipunguza kucheza wasingoje kesho, wasingoje mume, wasingoje jua. Hilo la jua nimeliongeza. Wauza mboga wa nje wameacha kuniigiza.

Wiki iliyopita Naveen aliingia dukani. Alikuwa amekonda. Alizungukazunguka mbele ya rafu ya mafuta ya nywele mpaka wateja wawili wakatoka, ndipo akaja kaunta, akaniamkia kwa kuigusa miguu yangu kama zamani.

"Nataka vile vidonge vya kuongeza damu, Mama."

Nilimtazama. Akatazama chini.

"Mwezi wa ngapi?" niliuliza.

"Wa nne." Kisha akaongeza upesi, "Hajui nimekuja kwako. Kwenye maduka mengine vimekwisha."

Vidonge hivyo haviishi popote. Ni kitu cha kawaida kuliko panadol. Sikusema hivyo. Nilitoa pakiti, nikatoa na ya pili, nikamweleza kwamba mkewe avinywe na limau, asivinywe na chai. Nilitaka kumwambia lile neno langu, la mtoto akipunguza kucheza. Nilifungua kinywa.

"Anajua," Naveen alisema. "Analisema mwenyewe. Kila siku anamhesabu, ingawa bado ni mdogo mno."

Nikageuka kutafuta mfuko. Nilichukua muda, ingawa mifuko iko mbele yangu tangu nifungue duka hili. Nikatia pakiti ndani, nikashika masikio mawili ya mfuko, kama ninavyofanya kila siku kwa kila mtu, na vidole vikaanza kuyavusha moja juu ya jingine.

"Usifunge, Mama," Naveen alisema. "Tafadhali. Ataliona fundo."

Nikayaachia. Nikaukunja mdomo wa mfuko kwa juu, nikampa. Aliushika kwa mikono miwili mpaka nje.